Fisi maji, minandi na leseni ya kuvua: chama cha wavuvi kinaruhusiwa kufanya nini mtoni?

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Bedford, England, na ni mwanachama wa chama kidogo cha wavuvi wa mshipi chenye haki ya kuvua katika kipande cha mto Great Ouse. Kwa misimu kadhaa sasa tunakuta barbeli wakubwa, samaki wa mtoni wa jamii ya karpi, wameliwa nusu na kuachwa ukingoni, na wakati wa baridi minandi wapatao 30 hutua kwenye maji yetu kila alfajiri. Wanachama wanalalamika kwamba wanalipia leseni kila mwaka, ilhali serikali inawalinda wanyama wanaotumalizia samaki. Je, sheria inaturuhusu kuwaua au kuwafukuza? Je, ipo fidia, kama kifuta jasho kule nyumbani? Na kijana wangu wa miaka 12 anayenifuata mtoni anahitaji leseni?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na kijana wako, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Aliye chini ya miaka 13 hahitaji leseni ya kuvua kwa ufito nchini England. Kuanzia miaka 13 hadi 16 leseni hutolewa bure, lakini ni lazima iombwe na mwenyewe awe nayo. Akifikisha miaka 17 ataanza kulipa. Leseni hiyo hutolewa na Environment Agency, wakala wa serikali unaosimamia maji na mazingira, na ni kitu tofauti kabisa na kibali cha chama chenu. Leseni humruhusu mtu kutumia ufito na mshipi. Kibali humruhusu kuingia kwenye maji ya mwenye haki ya kuvua. Anayekutwa na kimoja bila kingine ana kosa, na kwa kukosa leseni faini inaweza kufika pauni 2,500. Kumbuka pia kwamba kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni mito ya England imefungwa kwa uvuvi wa samaki kama barbeli na rochi, hata kama leseni yako ni hai, ili samaki watage kwa utulivu.

Sasa nije kwenye malalamiko yenyewe, ambayo nayachukulia kwa uzito wote, kwa sababu mtu aliyemfuatilia samaki mmoja mkubwa kwa miaka kisha akamkuta amepasuliwa koo kwenye nyasi ana haki ya kuumia. Mto wenu si mto wa kawaida kwa wapenzi wa barbeli. Mwaka 2006 barbeli aliyevunja rekodi ya Uingereza, mwenye uzito wa kilo 9 na nusu hivi, alivuliwa katika Great Ouse. Samaki wa namna hiyo huishi miaka 20 na zaidi, na kila anayepotea huacha pengo ambalo haliwezi kuzibwa kwa msimu mmoja.

Kabla ya kumhukumu yeyote, thibitisheni mhusika. Fisi maji mara nyingi huanzia koo na matumbo ya samaki mkubwa na kuacha sehemu ya mkia. Huacha kinyesi chenye magamba na mifupa midogo juu ya mawe yaliyochomoza au chini ya madaraja, na nyayo zake zina vidole vitano. Minki wa Kimarekani, ambaye ni mdogo zaidi na ni mgeni katika mito ya Uingereza, naye hula samaki, lakini sheria haimlindi kama inavyomlinda fisi maji. Kwa hiyo kosa la kuwachanganya wanyama hawa wawili linaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Kwa upande wa fisi maji, sheria haikuachia mlango. Analindwa na Sheria ya Wanyamapori na Maeneo ya Mashambani ya 1981 pamoja na kanuni za makazi ya viumbe za 2017. Ni kosa kumuua, kumjeruhi, kumkamata, kumsumbua kwa makusudi au kuharibu pango lake, na adhabu yake ni faini isiyo na kikomo, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Kumfukuza kwa mbwa, kumrushia mawe au kuziba pango lake vyote vimo ndani ya makosa hayo. Ipo leseni ya kumtega akiwa hai na kumtoa nje bila kumdhuru, lakini hiyo ni kwa mabwawa yaliyozungushiwa uzio ambamo mnyama amenasa, nayo hutumiwa na watu waliofunzwa tu. Uzio wenyewe, wa wavu imara uliofukiwa chini na kukunjwa kwa nje upande wa juu, hufanya kazi vizuri kwenye bwawa la karpi. Mtoni hauwezekani, maana maji yanapita na mnyama hupita nayo.

Wapo wanachama wanaosema kwamba fisi maji waliletwa. Wana ukweli kiasi. Kati ya 1983 na 1999 fisi maji 117 waliofugwa walifunguliwa mitoni, wengi wao mashariki mwa England. Lakini sababu kubwa ya kurudi kwao ni kuondolewa kwa sumu za kilimo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, dawa za kuua wadudu kama dieldrini ziliingia mitoni, zikajikusanya ndani ya samaki na kuwamaliza fisi maji waliowala, kiasi kwamba utafiti wa 1977 hadi 1979 uliona dalili zao katika asilimia 6 tu ya maeneo yaliyokaguliwa. Dawa hizo zilipopigwa marufuku na mnyama akalindwa kuanzia 1978, alianza kurejea mwenyewe. Utafiti wa 2009 na 2010 ulikuta dalili zake katika karibu asilimia 60 ya maeneo, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba yupo tena katika kila kaunti ya England. Leo hakuna anayeendelea kufungua wengine. Dume mmoja huweza kumiliki kilomita 20 za mto au zaidi na huwafukuza madume wenzake, hivyo hata kama sheria ingeruhusu kumwondoa, nafasi yake ingechukuliwa na mwingine.

Hapa ndipo ninapoomba chama chenu kitulie na kutazama chini ya maji. Fisi maji mzima hula takribani kilo moja ya chakula kwa siku, na chakula alichokipenda tangu zamani katika mito ya Ulaya ni mkunga wa maji baridi, samaki mwenye mafuta mengi asiyekimbia kwa kasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 vifaranga vya mkunga wanaofika kwenye mito ya Ulaya kutoka baharini wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mnyama amerudi nyumbani akakuta sahani yake haipo, na barbeli mzee aliyejibanza kwenye maji ya baridi kali, asiye na nguvu za kutoroka, ndiye anayelipa gharama.

Swali ninalolipa uzito zaidi, hata hivyo, ni hili: kwa nini kupotea kwa barbeli wachache wakubwa kunautikisa mto mzima? Katika mto wenye afya, kila mzee anayeliwa ana vijana wengi nyuma yake. Mkikuta wazee pekee, na wanachama hawakumbuki lini walivua barbeli wa urefu wa kiganja, basi uzazi ulikwama miaka mingi kabla fisi maji hajaonekana. Barbeli hutaga kwenye changarawe safi inayopitiwa na maji, mwishoni mwa majira ya kuchipua. Tope laini linalotoka mashambani likijaza nafasi kati ya kokoto, mayai hukosa oksijeni na kufa. Kamba wa Kimarekani, walioletwa Uingereza katika miaka ya 1970 kwa ajili ya ufugaji na kisha wakatoroka, huchimba kingo, huongeza tope na kula mayai. Vifaranga wanaonusurika huhitaji vihori vya maji yaliyotulia ili mafuriko yasiwabebe, na mto ulionyooshwa na kuchimbwa hauna vihori hivyo. Tathmini ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba asilimia 14 tu ya mito ya England ilikuwa na hali nzuri ya kiikolojia, na hakuna hata mmoja uliofaulu kipimo cha kemikali. Hasira ya mvuvi inaelekea kwa mnyama kwa sababu mnyama huacha mzoga unaoonekana. Yai lililokufa chini ya tope halionekani, na mimi naamini hasara iliyo kubwa zaidi iko huko.

Minandi ni shauri jingine, na hapa mna nafasi ya kisheria. Ndege huyu, ambaye ndugu zake mnawajua kutoka Ziwa Viktoria, zamani alikuwa ndege wa pwani nchini England. Tangu mwaka 1981, alipoanza kuzaliana kwenye bwawa la Abberton huko Essex, amejijengea makoloni mengi ya ndani ya nchi. Analindwa pia, lakini Natural England, taasisi inayosimamia uhifadhi, inaweza kutoa leseni ya kupiga idadi maalumu kwa risasi ili kuimarisha kazi ya kuwafukuza, pale mwombaji anapoonyesha kwamba uvuvi unapata hasara kubwa au uko karibu kuipata, na kwamba njia zisizo za kuua zimejaribiwa au haziwezekani. Tangu 2004 serikali imeweka ukomo wa kitaifa wa ndege wanaoweza kupigwa kwa mwaka, ili idadi yao isiporomoke. Leseni hiyo haina uhusiano wowote na leseni yako ya kuvua, na anayepiga bila kuwa nayo anatenda kosa la jinai.

Ombi hushinda kwa kumbukumbu, na vyama vingi hushindwa hapo. Ndege 30 mnaowataja, kwa wastani wa nusu kilo ya samaki kwa kila mmoja kwa siku, wangekula kilo 15 kwa siku, yaani kilo 1,800 kwa siku 120 za baridi, endapo wote wangekula kwenu tu. Lakini hawali kwenu tu, na afisa atakayesoma ombi lenu analijua hilo. Kwa hiyo hesabuni alfajiri, siku zilizopangwa, mahali palepale, mkiandika waliotua wakala, waliopita tu, na waliokuwa wamepumzika. Wekeni picha za samaki wenye majeraha ya mdomo wa ndege, pamoja na rekodi za mavuno ya mashindano ya chama kwa miaka kadhaa. Andikeni pia kila mbinu ya kufukuza mliyotumia na tarehe yake. Kama vyama vya jirani vina tatizo hilohilo, unganeni, kwa kuwa leseni inaweza kuombwa kwa eneo zima badala ya kila chama kuhangaika peke yake. Angling Trust, shirika la wavuvi lililoundwa mwaka 2009, lina washauri wanaosaidia vyama katika maombi ya aina hii, na sehemu ya gharama za ushauri huo imekuwa ikitoka kwenye ada za leseni.

Jambo hilo linanirudisha kwenye fedha. Ada ya leseni ya kuvua hutumika kwa kazi za samaki: doria dhidi ya wavuvi haramu, uokoaji wa samaki maji yanapochafuliwa, ufugaji wa vifaranga katika kituo cha Calverton huko Nottinghamshire, na ruzuku kwa vyama vinavyotaka kujenga uzio au maficho ya samaki. Fidia kwa samaki walioliwa haimo. England haina utaratibu unaofanana na kifuta jasho na kifuta machozi cha Tanzania, ambacho kwa kanuni za 2011 kinahusu madhara ya wanyama hatari kwa watu, mifugo na mazao. Samaki wa porini, kisheria, hawakuwa mali ya chama hadi walipovuliwa. Badala ya kudai fidia, ombeni ruzuku.

Kwa ruzuku hiyo ningejenga maficho kwanza. Mafungu ya matawi yaliyofungwa na kuzamishwa, au vizimba vya wavu wenye matundu yanayompitisha rochi na kumzuia mnandi, yamejaribiwa England na kuonekana kupunguza mafanikio ya ndege. Acheni miti iliyoangukia majini pale isipohatarisha watu. Msikimbilie kupandikiza samaki, kwanza kwa sababu kunahitaji kibali cha Environment Agency, na pili kwa sababu barbeli waliofugwa wakimwagwa kwenye mto usio na maficho wala changarawe safi watakuwa chakula cha wageni wenu walewale. Kutega kamba wa Kimarekani pia kunahitaji idhini ya wakala huo, na aliyenaswa haruhusiwi kurudishwa majini.

Kisha oneni wenye mashamba ya juu yenu kuhusu kuacha ukanda wa nyasi na miti kando ya maji, na ombeni idhini ya kuosha changarawe kwa pampu katika sehemu ambazo wazee wa chama wanakumbuka kuwaona barbeli wakitaga. Great Ouse kisheria umeorodheshwa kama mto mkuu, hivyo kazi yoyote kwenye kingo au sakafu yake huenda ikahitaji kibali cha shughuli zinazogusa mafuriko, ambacho huchukua muda kutoka. Ombi likienda mapema katika majira ya vuli, wakati mnaanza pia kuhesabu minandi, changarawe inaweza kuwa imeshaoshwa kabla samaki hawajapanda kutaga.