Maswali ya Wasomaji: Rais Akitaka Sheria, Mkono Wake Unaishia Wapi?

Tangu tuzungumzie ahadi za kampeni, barua nyingi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu aliyechaguliwa na nchi nzima anashindwaje kupitisha anachokitaka? Hapa tumejibu zile zilizouliza kwa undani zaidi.

Assalaam alaykum. Nasomesha Uraia skuli ya sekondari. Wanafunzi wangu wanaambiwa Rais wa Marekani ana nguvu kuliko kiongozi yeyote, kisha wanasikia mswada wake umekwama na huku chama chake ndicho chenye wajumbe wengi. Niwaeleze vipi?
*Mwalimu, Wete*

Wa alaykum salaam, mwalimu. Andika ubaoni nambari nne: 435, 218, 100, 60. Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435, na wakihudhuria wote unahitaji kura 218. Seneti ina viti 100. Kikatiba wingi wa kawaida unatosha humo, lakini kanuni za Seneti zinaruhusu mjadala kuendelea bila kikomo, na kuufunga kunahitaji kura 60. Kwa hiyo mswada wenye wafuasi 55 unaweza kufa bila hata kupigiwa kura. Baada ya hapo waulize wanafunzi: katika nambari hizo, kura ya Rais ni ipi? Haipo. Hata kuuwasilisha mswada hawezi; lazima mjumbe aupeleke kwa jina lake. Makamu wa Rais hupiga kura Seneti pale tu zinapofungana.

Jambo la pili ni nani anamshika mjumbe. Kwetu, mjumbe akivuliwa uanachama na chama chake, kiti nacho kinaondoka. Mwaka 2013 Mansour Yussuf Himid alifukuzwa CCM na uwakilishi wa Kiembesamaki ukamtoka. Marekani chama hakina rungu hilo. Seneta anaweza kumkatalia Rais wa chama chake leo, na kesho akaketi kitini pale pale, mradi wapigakura wa jimbo lake wako naye. Ndiyo maana Julai 2017 chama cha Republican kilikuwa na maseneta 52 na bado mswada wa kufuta sehemu za sheria ya afya ukaanguka kwa kura 49 dhidi ya 51. Watatu wa chama hicho hicho, Susan Collins, Lisa Murkowski na John McCain, walisema hapana, na Rais Trump hakuwa na la kuwafanya.

Sheria yenyewe iliyokuwa ikipigwa vita, ile ya bima ya afya ya mwaka 2010, ndiyo somo zuri zaidi, mwalimu, na tunakushauri uitumie darasani hatua kwa hatua. Rais Clinton alijaribu kabla. Mswada wake uliandaliwa na timu ya Ikulu, ukapelekwa mwishoni mwa 1993 ukiwa na kurasa zaidi ya 1,300, na ukafa 1994 bila kupigiwa kura kwenye ukumbi wa baraza lolote. Wajumbe waliletewa kitu kilichokwisha pikwa, wakakosa sababu ya kukitetea. Obama aligeuza njia: alitaja malengo, akaziachia kamati za wajumbe ziandike.

Ilikuwa na gharama. Mpango wa bima ya Serikali wa kushindana na makampuni, jambo ambalo wafuasi wake walilitaka khasa, uliondolewa kwa sababu Seneta Joe Lieberman aliupinga, na bila yeye kura 60 zisingetimia. Seneta Ben Nelson wa Nebraska naye alipatiwa kipengele cha jimbo lake peke yake: Serikali Kuu ilipe daima gharama zote za nyongeza ya bima ya masikini huko. Seneti ikapitisha kwa 60 dhidi ya 39 tarehe 24 Disemba 2009. Siku 26 baadaye jimbo la Massachusetts likamchagua Scott Brown wa Republican kuingia Seneti, na ile kura ya 60 ikatoweka.

Hapo wengi walimshauri Rais akate tamaa au aanze upya kwa mswada mdogo. Badala yake, Baraza la Wawakilishi liliukubali mswada wa Seneti kama ulivyo, kasoro zote ndani yake, kwa kura 219 dhidi ya 212 tarehe 21 Machi 2010. Marekebisho yakafuata katika mswada wa pili uliopitia njia maalumu ya bajeti, ambayo Seneti huipitisha kwa wingi wa kawaida. Kile kipengele cha Nebraska, kilichowaudhi watu nchi nzima, kilifutwa humo.

Njia hiyo ya bajeti ina mpaka wake: yanayopita ni mambo ya mapato na matumizi tu. Februari 2021 mshauri wa kanuni za Seneti aliamua kuwa kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa hakiwezi kupitia huko, na kikatolewa.

Sisi tunaona Obama alifanya sawa kuiachia ile bima ya Serikali. Aliyeikosa alibaki na hoja nzuri mkononi, lakini mamilioni walipata bima. Kupatana kunakuwa usaliti pale ambapo kilichouzwa ndicho kilichokuwa sababu ya mswada wenyewe. Hilo ndilo swali la kuwapa wanafunzi kwa kila mswada: kilichobaki kinafanya kazi iliyokusudiwa, au limebaki jina?

Rais akikataa kutia saini, mswada unakufa?
*Msomaji, Mkoani*

Marekani ana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi. Akiurudisha, mabaraza yote mawili yanaweza kumshinda kwa theluthi mbili kila moja. Akinyamaza siku hizo zikapita huku Kongresi, yaani mabaraza hayo mawili, inakaa, unakuwa sheria bila saini yake. Akinyamaza na Kongresi imeshafunga kikao, ndipo unapokufa. Hawezi kuchagua vifungu: mwaka 1996 alipewa kwa sheria uwezo wa kufuta kipengele kimoja kimoja cha matumizi, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikasema ni kinyume cha Katiba.

Katika Katiba ya Muungano, tazama ibara ya 97. Rais akikataa, anaurudisha mswada Bungeni pamoja na sababu. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, ila ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi kwa nguvu hiyo ndani ya miezi sita, atie saini ndani ya siku 21 au alivunje Bunge. Na akilivunja, na yeye anarudi kwa wapigakura. Ndiyo maana mvutano wa namna hiyo humalizwa mapema, kwenye mazungumzo, kabla mswada haujafika mezani kwake.

Kwa nini rais asitoe amri tu, yakaisha?
*Kijana wa Jang'ombe*

Amri husimama juu ya sheria iliyopo. Sheria hiyo ikiwa nyembamba, amri inavunjika. Agosti 2022 Rais Biden alitangaza kuwafutia wanafunzi wa zamani madeni ya hadi dola 10,000, na 20,000 kwa waliosoma kwa ruzuku ya kipato cha chini. Aliegemea sheria ya mwaka 2003 iliyotungwa kwa ajili ya dharura za kitaifa. Tarehe 30 Juni 2023 Mahakama ya Juu ilisema, sita dhidi ya watatu, kuwa sheria hiyo haibebi mpango wa takriban dola bilioni 400. Watu walikuwa wameshajaza fomu.

Tatizo jengine ni umri wa amri. Mpango wa Obama wa mwaka 2012 kwa waliopelekwa Marekani wakiwa watoto bila karatasi unawapa ruhusa ya miaka miwili miwili. Uraia haukuwezekana kutolewa kwa amri, na toka hapo mpango unaingia na kutoka mahakamani. Kijana wetu, mtu hawezi kupanga maisha juu ya ruhusa ambayo rais ajaye anaweza kuifuta.

Mwaka 2009 Rais Karume na Maalim Seif walishapatana. Kwa nini basi ilibidi tupige kura ya maoni, tena na Baraza libadilishe Katiba? Walioamua si walikuwa wawili?
*Mzee wa Kangani, Pemba*

Shikamoo mzee wetu. Walioanza walikuwa wawili, pale Ikulu tarehe 5 Novemba 2009. Lakini kilichotakiwa kilikuwa kubadilisha muundo wa Serikali iwe ya umoja wa kitaifa, CCM na upinzani pamoja, na hilo liko ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Kubadilisha Katiba kunataka theluthi mbili ya wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na saini ya Rais haiwezi kuzifidia kura hizo zikipungua. Isitoshe, tangu Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Butiama, msimamo wa chama ulikuwa kwamba wananchi waulizwe kwanza. Rais Karume alikuwa na wapinzani mbele yake na chama chake nyuma yake. Njia pekee ilikuwa ile ambayo pande zote mbili zingeweza kuitetea kwa watu wao.

Utaratibu ulikwenda hivi. Januari 2010 hoja iliyotoka upande wa upinzani ilikubaliwa Barazani. Hili tunaliona ni kubwa: chama tawala kilikubali kupitisha jambo ambalo jina la mleta hoja halikuwa lake. Ikatungwa sheria ya kura ya maoni. Tarehe 31 Julai asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Agosti Baraza likapitisha Marekebisho ya Kumi. Uchaguzi ukafuata tarehe 31 Oktoba, na Dk. Shein wa CCM akapata asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif. Fikiria, mzee, matokeo ya namna hiyo bila sheria iliyokwishawapa wote nafasi serikalini.

Marekebisho yale yaliongeza pia kifungu cha 80A, kinachotaka kura ya maoni kabla ya kubadilisha baadhi ya vifungu vikubwa. Kwa hiyo rais yeyote anayekuja, hata akiwa na theluthi mbili mkononi, kwenye vifungu hivyo anarudi kwa wananchi kwanza.

Ila sheria nayo ina mwisho wake. Baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, na CUF, chama cha Maalim Seif wakati huo, kususia ule wa marudio wa Machi 2016, kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais, kilichowekwa kwa ajili ya upinzani, kilikaa wazi hadi Maalim Seif alipoapishwa Disemba 2020. Katiba inaweza kuweka kiti. Haiwezi kumkalisha mtu asiyeridhika na namna kiti kilivyopatikana.

Nasoma sheria mwaka wa pili. Nikitaka maoni yangu yaingie kwenye mswada wa Zanzibar, nipeleke wapi na lini?
*Mwanafunzi, Unguja*

Kwanza hakikisha jambo lako liko kwenye mamlaka ya Zanzibar. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano ina orodha ya Mambo ya Muungano 22. Yaliyomo humo hayatungiwi sheria Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Kubadilisha orodha yenyewe kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa kila upande wa Muungano, na hilo ni gumu kulipata. Mafuta na gesi ni mfano mzuri: badala ya kugusa Katiba, Sheria ya Petroli ya Muungano ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie rasilimali zake kwa sheria zake, na Zanzibar ikatunga yake 2016. Wapo wanasheria waliohoji, kwa sababu neno mafuta limebaki kwenye orodha. Ni hoja ya kweli na ni mada nzuri ya tasnifu. Lakini kazi iliweza kuanza.

Mswada wa Serikali huanzia wizarani, hupita Baraza la Mapinduzi, huandikwa na waandishi wa sheria chini ya Mwanasheria Mkuu, hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, kisha husomwa Barazani mara ya kwanza na kupelekwa kamati ya kudumu inayohusika. Hapo kwenye kamati ndipo pako. Mswada ukishafika kusomwa mara ya pili, mjadala ni wa waheshimiwa, na waziri hukubali mabadiliko machache tu kabla ya kupigiwa kura kifungu kwa kifungu.

Maoni mengi hutupwa kwa sababu yanasema "mswada huu haufai" na kuishia hapo. Andika hivi: namba ya kifungu, maneno yalivyo sasa, maneno unayopendekeza, na sababu kwa sentensi mbili au tatu. Kurasa mbili zinatosha. Pendekezo lako likigusa kodi au matumizi ya Serikali, jua kwamba linahitaji ridhaa ya upande wa Serikali, kwa hiyo nakala ipelekwe wizarani pia. Mpe nakala mwakilishi wa jimbo lako, na umuombe akutajie siku ambayo kamati inakutana na wadau.

Mswada ukishatiwa saini usiache kuufuatilia. Angalia kifungu cha kuanza kutumika: mara nyingi tarehe huachiwa waziri aitangaze kwenye Gazeti Rasmi. Angalia pia vifungu vinavyosema waziri "ataweka kanuni". Kanuni hizo zisipotoka, ofisa wa chini atakwambia hana fomu, na atakuwa anasema kweli. Barua ya kuuliza kanuni zimefika wapi haihitaji kura hata moja, na inaweza kuandikwa na yeyote.