Kutoa rangi kwenye titaniamu ya baiskeli: anza na mizani

Umenunua boliti za titaniamu za bluu, sasa unazitaka zirudi kijivu. Ndugu yangu, usikimbilie dawa. Mimi nilikimbilia. Seti yangu ya kwanza niliitumbukiza kwenye kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Maji yakachemka yenyewe, povu likapanda, mvuke ukanikaba koo. Nilipozitoa, meno yalikuwa yameliwa. Nilikuwa nimeuziwa alumini, na kostiki hula alumini.

Kwa hiyo pima kwanza. Weka boliti kumi kwenye mizani ndogo, kisha zizamishe kwenye bomba kubwa la sindano lenye maji, uone yamepanda mililita ngapi. Gawanya gramu kwa mililita. Ukipata karibu 4.5 ni titaniamu, 2.7 ni alumini. Karibu 8 ni chuma.

Ikiwa ni titaniamu kweli, fahamu kwamba hapo hapajapakwa rangi yoyote. Ni utando wa oksidi uliooteshwa kwa umeme, mwembamba mno, kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita au chini ya hapo. Utando wenyewe hauna rangi. Mwanga ndio unaocheza ndani yake, kama petroli iliyomwagika juu ya dimbwi. Volti 30 hivi hutoa bluu, karibu 60 hutoa njano ya dhahabu.

Kitu chembamba hivyo hakihitaji asidi. Funga nati kuukuu kwenye meno ya boliti upate pa kushika, lowesha msasa namba 800, sugua kichwa kwa kuzungusha. Kingo hutangulia kung'aa, bluu inabaki mabondeni, halafu nayo inaondoka. Futa kwa spiriti kabla ya kuamua kama imekwisha, maana mafuta ya vidole hubadilisha rangi unayoiona. Malizia na namba 1500, au sponji ya kijani ya kusugulia sufuria ukipenda sura isiyong'aa sana. Meno na tundu la ufunguo viache na bluu yake.

Sugua kwa maji muda wote. Vumbi kavu la titaniamu hushika moto mkali, na ukiumwagia maji unazidi; mchanga mkavu ndio wa kuuzima.

Utaambiwa pia kuhusu dawa za kutoa kutu zenye asidi ya haidrofloriki. Ni kweli zinatoa rangi kwa dakika chache. Nakusihi usiziingize nyumbani. Asidi hiyo ikikugusa huenda usisikie maumivu kwa saa kadhaa, huku inapenya hadi kwenye mfupa na kuvuruga kalisi ya damu. Ikikupata, osha kwa maji mengi, nenda hospitali palepale na uitaje kwa jina.

Wakati wa kurudisha boliti, paka meno grisi. Titaniamu ikikaa kavu hung'ang'ania, na kuifungua baadaye ni kuikata.