Vinu vilizimwa, sasa Fukushima kililipuka nini?
Umeuliza: kama vinu vya umeme wa nyuklia vya Fukushima Daiichi, Japani, vilijizima tetemeko lilipopiga Machi 11, 2011, ni kitu gani kililipuka? Ni gesi ya haidrojeni, ndugu yangu. Haukuwa mlipuko wa bomu la nyuklia, na inaniuma watu wanapoendelea kusambaza habari hiyo.

Kuzima kinu husimamisha mpasuko wa atomi za urani, lakini mabaki ya mpasuko huo huendelea kutoa joto: karibu asilimia 6 ya nguvu kamili mara tu baada ya kuzimwa, kisha linapungua polepole. Tsunami ilizamisha jenereta za dizeli, upoozaji ukakwama, maji yakachemka na kupungua hadi fueli ya urani ndani ya kinu ikabaki wazi.

Hapo ndipo balaa. Tembe za urani, kila moja ndogo kama ncha ya kidole, hukaa ndani ya mirija ya zirkoni, aina ya metali, yenye unene usiofika milimita 1. Joto likifika nyuzi 1,200 hivi, zirkoni huunyang'anya mvuke oksijeni kwa kasi, haidrojeni inabaki, na mmenyuko wenyewe unaongeza joto. Jengo la kinu namba 1 lililipuka Machi 12, la namba 3 Machi 14.

Fueli yenyewe huyeyuka karibu nyuzi 2,800, ila ikigusana na zirkoni iliyoyeyuka huanza kumomonyoka mapema zaidi. Kipande cha kwanza cha fueli iliyoyeyuka kilitolewa kinu namba 2 Novemba 2024, na hakikufika hata gramu 1.