Jibu: Siku moja Troodos mwezi Januari, inatosha?

Ndugu, nimekuelewa: umefikia Limassol, una siku moja tu ya kwenda Troodos, milima ya Kupro, na unaogopa baridi na kuendesha gari milimani.

Kuendesha kusikutishe sana. Kupro wanapita kushoto kama Kenya na Tanzania, na kutoka Limassol hadi juu ni kama saa moja. Shida ni theluji. Kilele cha Olympus, cha juu zaidi huko Troodos, kina mita 1,952, na Januari huko watu wanateleza kwa ski huku pwani wewe umevaa shati jepesi! Mimi nilipanda na sweta moja. Nilikaa garini nikitetemeka. Beba koti zito, glavu na viatu visivyoteleza. Asubuhi tazama utabiri na uulize polisi kama barabara ya juu imefunguliwa. Wakisema minyororo ya matairi inahitajika na huna, usibahatishe. Ishia kijiji cha Platres au Kakopetria.

Njia ya Artemis, kilomita 7 hivi kuzunguka kilele, iache mpaka majira ya joto. Badala yake nenda kanisa la Asinou: michoro ya ukutani ya karne ya 12, moja ya makanisa kumi yaliyo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Piga simu kwanza, mara nyingine utakuta limefungwa. Monasteri ya Kykkos ni mbali kidogo, ukiongeza utarudi gizani kwenye kona kali.

Kama una pumu au ugonjwa wa moyo, muone daktari kabla. Dharura ni 112.