Injini za Caravelle kukaa mkiani

Mkuu, umeuliza kwa nini Wafaransa waliweka injini za Caravelle, ndege yao ya abiria ya jeti, mkiani, si chini ya mabawa. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na injini tatu, zote nyuma. Ilipopatikana injini ya Avon ya Rolls-Royce yenye nguvu zaidi, ya tatu ikaachwa, zikabaki mbili ubavuni. Bawa likawa safi, hewa inapita bila kuvurugwa, na abiria wa mbele hasumbuliwi na kelele. Pua na chumba cha marubani vilitoka kwa Comet, ndege ya jeti ya Waingereza. Caravelle iliruka mara ya kwanza Toulouse, 27 Mei 1955. Abiria wakaanza kuipanda 1959.

Mimi napenda hasa madirisha yake: pembetatu zenye kona za mviringo, nyembamba juu, pana chini, unaitazama ardhi vizuri kabisa.