Mwalimu apimwe kwa matokeo ya mitihani ya taifa (NECTA)? Yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu asipimwe kwa ufaulu wa wanafunzi wake, kama fundi anavyopimwa kwa nyumba aliyojenga. Nafundisha hesabu sekondari ya kata mwaka wa kumi na moja huu.

Kila Januari naletewa watoto waliosoma hisabati kwa Kiswahili miaka saba. Mwaka jana mkondo wangu ulikuwa na 87, chumba kimoja. Nikimuuliza mmoja robo tatu ya elfu ishirini ni ngapi, anasema elfu kumi na tano hata sijamaliza. Swali lilelile nikiliandika ubaoni kwa Kiingereza, lugha tunayofundishia sekondari, anainamia daftari. Wakipata F, mimi ndiye naitwa ofisini kuandika maelezo. Kidato cha nne 2023, waliofaulu hisabati nchi nzima walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Walimu wa hesabu wote ni wavivu? Mwenzangu wa Kiswahili anapongezwa kila mwaka, na mwenyewe hucheka.

Fomu nazo zina yake. Enzi za OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, tulijaza malengo Julai, Juni tunajipa alama. Nakiri, mwaka mmoja nilinakili fomu ya jirani nikabadili jina na somo. Sasa ni PEPMIS, mfumo wa mtandaoni ulioshika nafasi yake, kwa simu yangu na bando langu, nikisimama kwenye kichuguu nyuma ya choo ndiko mtandao ulipo.

Lakini sipingi kupimwa. Aliyenipima kweli ni mwalimu wa taaluma, mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu. Aliingia akakaa dawati la nyuma, andalio la somo hakuuliza. Akachukua madaftari matano ya wanafunzi, akayapekua kimya. Baada ya kipindi akaniambia, "Kijana wangu, unauliza maswali mistari miwili ya mbele tu. Na hapa kalamu yako nyekundu sijaiona tangu Machi."

Nilinuna wiki nzima, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilipomwambia 87 ni wengi, akasema sahihisha madaftari kumi na tano kwa siku, kwa zamu, na anza na wa nyuma. Hao wa nyuma ndio nilikuwa hata majina siwajui.

Alikuja mara tatu mwaka ule, kisha akastaafu. Aliyempokea anataka maandalio mezani kila Ijumaa, anagonga muhuri bila kufungua.