Mkuu, kabla hujafunga LED kwenye Noah, mimi nimeshaliwa 55,000 hapo

Mkuu umesema unatoka Makambako kuja Mbeya usiku, taa umewasha lakini kuanzia Igawa mpaka Chimala unaendesha kwa kubahatisha, na kijana wa spea kakwambia funga LED za lumeni 20,000 (lumeni ndo kipimo cha wingi wa mwanga) shida imeisha. Ngoja nikupe yaliyonikuta na Probox yangu af utaamua mwenyewe.

Mi nabeba ndizi na parachichi kutoka Kiwira na Tukuyu, nashusha Uyole alfajiri wachuuzi wanikute, kwa hiyo maisha yangu ni usiku na ukungu wa Isyonje, hapo barabara ya Tukuyu. Taa zangu zilishakuwa kama koroboi, nikaingia duka moja Mwanjelwa nikatoka na LED mbili kwa 55,000. Jioni nikazijaribu nyumbani, aisee uwanja mweupe pee, jirani akatoka kuuliza kuna shughuli gani. Nikajiona mjanja kweli.

Usiku nikaingia barabarani. Kila gari nayokutana nayo inanipiga ful. Na kwetu ukipigwa ful si unaelewa mbele kuna trafiki, basi mi nikawa natambaa 50, natafuta trafiki simwoni, napigwa ful tena, natambaa tena, nimefika Kiwira hakuna hata kofia nyeupe moja. Ndo nikaanza kushtuka kumbe watu wale walikuwa wananitukana, nilikuwa nawapofua.

Kurudi ndo balaa lenyewe. Mikungu imejaa nyuma, pua ya gari imeangalia juu, Isyonje ukungu umeshuka, mbele naona shuka jeupe tu limetandazwa. Kulikuwa na Fuso imeharibika, wenyewe wameweka matawi barabarani kama kawaida, mi yale matawi nimeyajua kwa kuyasikia chini ya tairi. Nikakata kulia bila kufikiri, na kama kungekuwa na gari inakuja usingesoma haya.

Kuna fundi umeme mmoja mzee Uyole ndo alinifumbua macho. Bakuli la taa ya Probox, na Noah nyingi za zamani ni hivyohivyo, limechongwa kufuata uzi mwembamba wa glopu ya halojeni unaokaa sehemu moja maalumu. Bakuli hilo, ndo riflekta, linauchukua mwanga kutoka hapohapo linautupa mbali na kuukata usipande juu. Ukichomeka LED ya bei rahisi vile vitaa vyake havikai pale uzi ulipokaa, vingine vimebandikwa kwenye ubao mnene, kwa hiyo mwanga unatawanyika, karibu na bampa panawaka kama uwanja wa mpira halafu mbali hakuna kitu, na unaobaki unakwenda kwenye macho ya mwenzako. Af pakiwaka sana karibu macho yako yenyewe yanazoea ule mwanga, kule mbali ndo huoni kabisa. Ndo maana uwanjani nyumbani zilinidanganya. Na hizo lumeni 20,000 ni za boksi, glopu ya kawaida ya H4 (aina ya glopu moja yenye ful na dim) ya wati 60/55 inatoa kama 1,650 kwenye ful na 1,000 kwenye dim, na kwa hizohizo watu wameendesha miaka yote.

Sasa tulichofanya. Cha kwanza lenzi, zilikuwa za njano kama meno ya mvuta sigara. Msasa wa maji namba 800, ukafuata 1000, ukafuata 2000, unasugua na maji muda wote, mwisho polishi halafu varnishi ya kuzuia jua. Usiruke hiyo varnishi, mi mara ya kwanza niliruka ikarudi njano kabla mwaka haujaisha. Dawa ya meno inasaidia kwa picha za kuuzia gari tu.

Cha pili ndo wengi hawakijui. Mzee alichukua tester, injini inanguruma na taa zimewashwa, betri ikasoma 13.8, akapima kwenye soketi ya glopu ikasoma 12.4. Unaweza kuona ni volti moja na kitu, ndogo, lakini halojeni ukiipunguzia umeme asilimia 10 tu inapoteza kama theluthi nzima ya mwanga. Umeme wa taa ulikuwa unazunguka kwenye swichi ya usukani na waya nyembamba za miaka ishirini, na athi, ile waya inayofungwa kwenye bodi ya gari, imeliwa na kutu. Akavuta waya nene kutoka betri, fyuzi, rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), ile waya ya zamani ikabaki kazi yake kuamsha rilei tu, athi akaikwangua akaifunga upya kwenye chuma safi. Glopu tukarudisha halojeni mpya H4 60/55, zote mbili kwa pamoja. Mkuu niliwasha nikacheka mwenyewe.

Usije ukadanganywa na glopu za wati 100/90, rafiki yangu wa Mbalizi soketi zake ziliyeyuka na bakuli likababuka ndani, na bakuli likishababuka ule mng'ao haurudi hata ufanye nini, unanunua taa nzima.

Cha tatu kulenga taa, hii haina gharama hata mia. Paki sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, upepo wa tairi uko sawa, mtu akae kiti cha dereva. Washa dim. Ile mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe chini ya kimo cha taa zako kwa kama sentimita 10, na upande wa kushoto ndo unapanda kidogo kumulika bega la barabara, wapita njia na baiskeli. Kama unapanda kulia basi hizo taa ni za nchi wanazoendesha kulia, zitoe. Na angalia karibu na usukani, gari nyingi za Japani zina kigurudumu kimeandikwa 0 mpaka 5, kazi yake ni kushusha taa ukiwa na mzigo. Miaka mitatu nilikuwa nadhani ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi! Siku hizi nikipakia ndizi nakipeleka 3, ful sipigwi tena.

Ukungu: dim, mwendo chini, na taa za ukungu zilizofungwa chini kwenye bampa. Ful au ile mibaa ya LED ya juu ya kioo inarudisha mwanga wote usoni kwako. Kwanza ile mibaa ukiiwasha barabarani unatafuta kesi, sheria inakutaka upunguze taa unapokutana na mwenzako, na tangu mabasi yaruhusiwe usiku mwaka 2023 barabara hii kila dakika unakutana na mtu. Mbele nyeupe au njano, bluu waachie polisi na ambulensi.

Zenoni, zile glopu za gesi zisizo na uzi, kama gari ilitoka nayo kiwandani kwenye projekta (taa yenye lenzi ya duara ndani), sawa, badilisha zikichoka, chukua rangi ya 4300, zile 8000 za bluu zinapendeza kwenye maegesho tu. Kuzichomeka kwenye riflekta ya halojeni ni yaleyale ya LED zangu.

Na hata zikiwa nzuri kumbuka ukiwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde, dim inakuonyesha mita 50 au 60 hivi. Mi Isyonje napita 40, wanaotaka wanipite.

Anza na msasa Jumamosi, usiku huohuo pima ukutani, af weka picha hapa tuone kama mwanga uko juu.